Mapigo Manne Matupu

Mwanjelwa, Mbeya
18 Machi 2024

Kwako Mnyalukolo,

Ugonile? Najua kwa Kinyakyusa hujibu mpaka ubembelezwe, basi kwa Kihehe chenu, kamwene. Ni mimi Lusekelo, yule mpiga gitaa uliyemwambia mwaka 2014 kwamba hutaki kumwona tena mpaka ajue kutuni gitaa lake kabla ya kupanda jukwaani. Nimejua. Imenichukua miaka kumi, lakini nimejua.

Nimekupigia simu mara sita hupokei. Meseji unanijibu "sawa" na "asante" kama mtu wa ofisini. Ndiyo maana nampa Jailos barua hii, kama enzi zile ulipokuwa chuo cha ualimu Iringa na mimi huku. Bado ni kondakta wa basi la Mbeya–Dar, kanenepa tu, na bado anapiga sidii yetu kila safari mpaka abiria wanalalamika.

Sasa kaa chini. Hapo Iringa kwenu kuna redio inaitwa Nyanda FM. Kila Ijumaa saa tisa alasiri wana kipindi kinaitwa Upya. Bendi inaingia studio na kupiga nyimbo zake za zamani kwa namna mpya, moja kwa moja hewani. Hakuna kurekodi, hakuna kurudia. Ukikosea, mkoa mzima umekusikia. Mtangazaji wake, Adrian, alipanda basi la Jailos akausikia wimbo wetu wa "Kitonga", anasema alisisimka mpaka akapitiliza kituo. Anawataka Baridi Kali, Eveline. Sisi! Wazee wa roki wa Nyanda za Juu! Ametupa Ijumaa ya tarehe 10 Mei.

Yunusu amekubali kupiga ngoma. Ana duka la spea za pikipiki sasa, na kitambi, lakini mikono ni ile ile. Amefunga, kwa hiyo kwenye mazoezi anapiga taratibu kama mtu anayebisha hodi. Baada ya Idi tutamsikia.

Nataka tuufanye "Kitonga" kuwa mpya kabisa: gitaa kavu, bila yale makelele yetu ya ujana, na sauti yako juu yake. Lori linapanda mlima wa Kitonga kwa gia ya kwanza, kule juu kuna mwanamke na ndoo ya nyanya, halafu sisi wote tunakata na wewe peke yako unamalizia kwa mapigo manne: Ma-ma, ni-po. Watu walikuwa wanasimama hapo. Hata mimi nilikuwa nasimama, na gitaa ni langu.

Do, noti yetu ya kuanzia, ni A, kama zamani. Usiniambie umezeeka.

Ndugu yako,
Lusekelo

*

Mlandege, Iringa
26 Machi 2024

Mwaisa,

Kamwene. Barua imefika inanuka vitunguu, nadhani Jailos aliichanganya na mzigo wake. Nimecheka peke yangu jikoni.

Nimekubali. Usiulize mara mbili.

Ila usinipigie simu. Maiki ya simu yangu imekufa, nakusikia lakini wewe hunisikii, na fundi ananizungusha. Niandikie tu. Halafu safari hii hatuimbi kwa kukumbuka-kumbuka. Nafundisha kwaya mwaka wa tisa huu, kila kitu naandika kwa sol-fa, na wewe utasoma. Nakukumbusha kwa sababu nilipokufundisha ulikuwa unachezea nyuzi: herufi ni noti, mstari mdogo baada ya herufi maana yake shikilia sauti, nafasi tupu maana yake nyamaza. Mstari shikilia, tupu nyamaza. Watoto wa shule ya Jumapili wanalijua hilo.

Na Do si A. Do ni F. Nina miaka arobaini na mbili, kaka, na mazoezi ya kwaya ya Pasaka yamenimaliza koo.

Nina swali moja tu. Hiyo redio inashika Ilula? Mama bado anauza nyanya pale pale barabarani, na kiredio chake anakitundika kwenye mwamvuli. Unakumbuka mwaka 2010, wazee wa usharika wetu waliponisimamisha uimbaji kwa sababu ya magitaa yenu. Mama alisimama mbele za watu akasema hajawahi kuzisikia nyimbo zangu na hatazisikia. Mpaka leo hajazisikia. Nataka azisikie hata mara moja.

Dada yako,
Eveline

*

Mlandege, Iringa
27 Machi 2024

Mdogo wangu Goodness,

Vitunguu vinaendeleaje huko Ruaha Mbuyuni? Na joto? Nakuandikia kwa sababu kwenye simu sauti yangu ingekwambia kabla mimi sijakwambia.

Kinachonikwaruza koo tangu Novemba si mafua wala vumbi la chaki. Nimerudi kutoka Dar Jumamosi. Ni uvimbe, uko kwenye kisanduku chenyewe cha sauti, na ni ule mbaya. Daktari anasema umeshakuwa mkubwa, hakuna cha kukwangua, watakitoa kisanduku chote. Nitapumua kwa tundu hapa shingoni. Nitakula, nitatembea, nitafundisha kwa kuandika ubaoni. Kuongea hapana. Kuimba usiniulize. Nimepangiwa Ijumaa tarehe 24 Mei, na akasema siku hiyo isisogee.

Nililia ndani ya basi kutoka Mikumi mpaka Kitonga, halafu nikaacha, kwa sababu tulikuwa tunakaribia Ilula na mama angeweza kutokea dirishani.

Sasa sikiliza. Lusekelo amenipatia redio tarehe 10 Mei, wiki mbili kabla. Unaona Mungu alivyo? Nitaimba mama anisikie, halafu waje na visu vyao.

Lusekelo hajui na asijue. Unamfahamu, yule hawezi kuficha hata zawadi ya mtu. Atamwambia mtangazaji, mtangazaji atasema hewani, na mama atausikia ugonjwa kabla ya wimbo. Hapo atakuwa ananihurumia, hanisikilizi. Na Luse mwenyewe atapiga gitaa kama yuko msibani. Mimi nataka anigombeze nikikosea.

Wala usiniambie nijirekodi kwenye simu nimpelekee. Mama alinikana mbele za watu. Nataka anisikie mbele za watu, wauza nyanya wenzake wakimwambia, "Mama Eveline, si mwanao huyo?"

Utanisindikiza Dar tarehe 22 Mei. Mama tutamwambia naenda semina.

Dada yako anayekupenda,
Eveline

*

Mwanjelwa, Mbeya
12 Aprili 2024

Mnyalukolo,

Idi imepita, Yunusu kala, na ngoma sasa zinasikika mpaka Uyole. Jirani amekuja kulalamika, tukampa biriani iliyobaki, akatulia.

Redio inashika Ilula vizuri. Nimemuuliza Adrian, anasema inakwenda mpaka inapokatikia Kitonga. Mwambie mama aweke betri mpya.

Nimeupiga wimbo kwa Do ya F. Si mbaya, gitaa limekuwa na uzito fulani. Ila Eveline, sitakudanganya, ile "nipo" ya mwisho ilikuwa inapaa, na kwa F haipai, inapanda ngazi tu. Fanya mazoezi. Kunywa tangawizi. Asubuhi kabla ya kwenda shule piga kelele kidogo, majirani watazoea. Mpaka Mei utakuwa umerudi A, nakuamini.

Mbona kwenye barua hunitanii tena kama zamani? Nilitegemea matusi mawili matatu.

Lusekelo

*

Mlandege, Iringa
19 Aprili 2024

Mwaisa,

Matusi yako haya: umenona, una kiherehere, na sol-fa bado unaisoma kama mtu anayesoma bili ya maji.

Do ishuke tena. Do ni D. Nimekuandikia sauti yote upya nyuma ya karatasi hii. Tafadhali upige hivyo hivyo na usinibishie.

Eveline

*

Mwanjelwa, Mbeya
28 Aprili 2024

Eveline,

Leo sikuiti Mnyalukolo maana nimekasirika.

D? Aisee, D! Wimbo unahusu lori linalopanda Kitonga, wewe unalishusha! Tulianza A, ukaja F, sasa D. Kesho utaniambia Do iko chini ya kitanda. Yunusu kasema labda dada amechoka, nikamwambia Eveline hachoki, Eveline amedharau. Umezoea kwaya, watu wanakupigia makofi ukiimba chochote. Hii ni redio ya moja kwa moja, na ni mara yetu ya mwisho kuonekana watu.

Lakini mimi si mtu mbaya. Nimekaa nikafikiri, nikaona dawa ni muda. Jana nimempigia Adrian nikamwomba atusogeze mbele. Na kumbe bahati yetu! Tarehe 31 Mei kuna saa nzima wazi badala ya nusu saa. Nimeichukua hapo hapo. Una wiki tatu zaidi za kupumzisha koo na kurudisha sauti yako. Tarehe 10 amewapa bendi ya Njombe.

Sema "ndaga fijo, Lusekelo". Nasubiri shukrani zangu.

Lusekelo

*

Mlandege, Iringa
2 Mei 2024

Lusekelo,

Nakuomba sana turudi tarehe 10. Hata nusu saa. Hata wimbo mmoja. Mwambie Adrian, au wale wa Njombe, mimi niko tayari kuwaandikia.

Nakuomba kaka.

Eveline

*

Mwanjelwa, Mbeya
6 Mei 2024

Dada,

Sasa unanichanganya. Ulikuwa unashuka kila wiki, leo una haraka? Nimempigia Adrian, amecheka. Wale wa Njombe wameshatangazwa, na Yunusu naye siku hiyo anasafiri kufuata spea Tunduma maana nilimwambia yuko huru. Haiwezekani.

Huu ni woga tu. Mimi pia ninao, usiku silali vizuri nikifikiria ile saa tisa. Pumzika. Wiki tatu si kitu, sauti haiendi popote.

Lusekelo

*

Mlandege, Iringa
13 Mei 2024

Lusekelo,

Sawa.

Hii ndiyo sauti ya mwisho ya "Kitonga", usitumie zile za nyuma. Do ni C. Beti utaimba wewe, una sauti ya kutosha ukiacha kukohoa. Kiitikio mwimbe wote wawili. Mwisho wa kiitikio ni hivi:

| s : s : m : r |
| d : – : – : – |
|   :   :   :   |

Fuata kama ilivyoandikwa.

Eveline

*

Mwanjelwa, Mbeya
18 Mei 2024

Mnyalukolo,

Nimeshakusamehe, kwa hiyo na wewe acha kununa. C basi, mambo ya uzeeni. Nimeupiga na Yunusu, na kusema kweli kwa C una huzuni fulani nzuri. Yunusu akaomba turudie, na unajua yule mazoezi hayapendi.

Ila mwalimu, umechoka! Baa ya mwisho ya noti umesahau kuijaza, umeacha mapigo manne matupu, tena pale pale penye "Mama, nipo". Nimekusaidia. Nimechora mistari, ile Do ishikiliwe mpaka mwisho, gitaa linaivuta taratibu, inapendeza kuliko kawaida. Wewe utaweka maneno yako juu yake siku hiyo.

Umeona nilivyojua sol-fa? Watoto wa shule ya Jumapili wakae pembeni.

Lusekelo

*

Mlandege, Iringa
21 Mei 2024

Lusekelo,

Futa mistari yako. Sikusahau. Mwalimu wa kwaya hasahau kujaza baa.

Kesho nasafiri kwenda Dar, semina. Siku ya redio msinisubiri mlangoni, ingieni mpige. Mahali pangu mnapajua.

Eveline

*

Dar es Salaam
26 Mei 2024

Kaka Lusekelo,

Shikamoo. Mimi ni Goodness, mdogo wake Eveline, ninayelima vitunguu Ruaha Mbuyuni. Tuliwahi kuonana mwaka 2012, ulinimwagia soda. Nakuandikia bila ruhusa ya dada na akijua atanichukia, lakini mimi siwezi tena.

Dada hayuko semina. Yuko hospitali. Ijumaa wamemtoa kisanduku cha sauti kwa sababu ya kansa. Yuko hai, amefungua macho, ananishika mkono. Lakini hataongea tena kaka, wala hataimba. Alijua tangu Machi. Ndiyo maana alikuwa anashuka, A, F, D, C. Alikuwa haidharau bendi yako. Alikuwa anaandika pale sauti ilipofika wiki ile.

Tarehe 10 Mei angeweza. Nilimsikia mimi mwenyewe, alikuja kwangu akaimba shambani kwa hiyo C, sauti inakwaruza lakini ipo. Ulipoisogeza tarehe alikaa chini kwenye tuta la vitunguu. Nilimwambia amwombe daktari asogeze. Alimwomba. Daktari akasema akisogeza, hatazika sauti tu.

Jambo lingine. Jumatano tulipokuwa tunakuja, maana nilimfuata Iringa, basi lilisimama Ilula. Mama akaja dirishani na ndoo kama kawaida, hakujua ni sisi mpaka alipoinua macho. Dada alijifunga mtandio shingoni, akamwamkia, akanunua nyanya kwa mama yake mwenyewe. Akamwambia, "Mama, Ijumaa ya wiki ijayo saa tisa fungua redio." Mama akasema betri zimeisha. Dada akatoa betri mbili kwenye mkoba, alishazinunua Iringa, akampa. Basi likaondoka. Hayo ndiyo maneno ya mwisho mama aliyosikia kwake, na mama hajui kwamba ni ya mwisho.

Usimwambie mtu wa redio. Piga tu kama alivyoandika.

Goodness

*

Mlandege, Iringa
1 Juni 2024

Eveline, dada yangu,

Nakuandikia kwenye meza yako. Jirani yako alitupa ufunguo tupumzike, mimi na Yunusu, baada ya redio. Nimeona daftari zako za kwaya, zimepangwa.

Barua ya Goodness niliipata Jumatano. Nilikaa stendi mpaka Jailos akaogopa akaja kunishika bega. "Sauti haiendi popote." Hivyo ndivyo nilivyokuandikia. Nilikuibia tarehe 10 yako nikadai shukrani. Nisamehe, au usinisamehe, ila jua kwamba najua.

Nilitafuta ufutio nyumba nzima kule Mbeya. Nikafuta ile mistari mmoja mmoja mpaka karatasi ikatoboka kidogo.

Jana tuliingia saa nane na nusu, Yunusu ametoka kuswali. Adrian akauliza mwimbaji yuko wapi. Nikasema sauti ya bendi ni ya Eveline wa Ilula, ameiandika yote yeye, na sisi tutaisoma. Sikusema zaidi. Hewani nilisema hivyo hivyo. Nilikuwa nimetuni, nakuapia.

Beti niliimba mimi, vibaya. Kiitikio tuliimba wote. Tukashikilia Do, tukakata, tukanyamaza.

Dada, mapigo manne redioni ni marefu. Hakuna kitu kinachotisha watangazaji kama kimya. Adrian alidhani mitambo imezima, mkono ukaruka kwenye maiki, na Yunusu akamnyooshea fimbo ya ngoma puani bila kupoteza hesabu. Akarudisha mkono. Moja, mbili, tatu, nne. Tukaingia ubeti wa pili. Mara ya pili Adrian hakugusa kitu. Mara ya tatu nikawa nalia na gitaa likawa limelowa, lakini hesabu sikuipoteza.

Watu walipiga simu kuuliza kwa nini wimbo unakatika. Adrian akawaambia haukatiki, ndivyo ulivyoandikwa.

Sijui kama Ilula walisikia.

Lusekelo

*

Ilula
4 Juni 2024

Mwanangu Eveline,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Mimi ni mzima wa mwili. Naandika mwenyewe, Goodness hajanishika mkono, kwa hiyo vumilia mwandiko.

Jumamosi Goodness alipiga simu akaniambia yote. Nimekasirika na nyinyi, mtanikuta na fimbo. Lakini kwanza nikwambie la Ijumaa.

Betri zangu hazikuwa zimeisha. Nilisema vile ili nisiseme nitasikiliza. Hata zako sikuziweka, ninazo.

Saa tisa niliongeza sauti. Mama Sedekia wa meza ya pili akaniambia, Mama Eveline, si kina mwanao hao? Nikasema ndiyo hao. Basi moja lilikuwa limesimama, abiria wananunua. Nikamsikia yule Mnyakyusa akiimba, nikasema huyu hajui, mwanangu anaimba vizuri kuliko huyu. Nikangoja ufike pale pako. Ulipofika pale, hamna mtu.

Nikajua kuna jambo. Mama anajua. Kiitikio cha pili kilipofika pale wakanyamaza tena, basi nikaimba mimi. Sikuimba mama nipo, maana mama ni mimi. Nikaimba mwana, upo. Inaingia sawa sawa. Mara ya tatu nikaimba tena kwa nguvu. Watu wakanitazama na ndoo kichwani.

Mama Sedekia akasema, kumbe wimbo unaujua! Nikamwambia naujua tangu mwaka 2010. Basi la Jailos likisimama alikuwa anaupiga, na mimi nilikuwa nawachagulia abiria nyanya moja moja makusudi, wimbo uishe. Kila safari. Jailos anajua, nilimwambia akikwambia nitamlaani.

Nilishasema mbele ya usharika kwamba sisikilizi, nikashindwa kulirudisha neno. Ndiyo hivyo mwanangu. Ulikuwa unaimba vizuri sana.

Ukitoka hospitali utakaa kwangu.

Mama yako,
Esta

*

Ilula
23 Juni 2024

Mwaisa,

Niko kwa mama. Shingo imepona upande mmoja, nala uji na ndizi zilizopondwa, na napumulia hapa chini ya kidevu kama baiskeli yenye pancha. Ruksa kucheka. Kucheka kwangu hakuna sauti, mama ananitazama mabega ili ajue.

Nilikuchukia. Siku tatu nzima mwezi wa Mei nilikuchukia, nilitamani gitaa lako liungue. Kisha nikakumbuka nani aliyekuficha. Nusu ya kosa ni yako, nusu ni yangu, na sitaki uibebe yote kwa sababu wewe ukibeba kitu unakitangaza.

Lakini linaloniuma si hilo, Luse. Barua ya mama nimekuwekea humu, isome halafu uirudishe. Alikuwa ananisikia. Miaka kumi na nne! Tumekaa jiko moja kila likizo, yeye anapembua mchele, mimi naosha sufuria, kimya, kila mtu na wimbo ule ule mdomoni ameufungia. Mimi nikitafuta redio na bendi na watu wa kushuhudia. Ningemwimbia pale jikoni. Ingetosha. Ilikuwa inatosha siku zote na sauti nilikuwa nayo.

Sasa yeye ndiye anayeimba. Haoni aibu tena, anaimba akipanga nyanya, akifagia, na hukosea ubeti wa pili kama wewe. Akifika mwisho wa kiitikio anaimba "Mwana, upo", halafu anasimama na ufagio ananitazama, anangoja. Mara ya kwanza nilisahau. Nilifungua mdomo kumjibu.

Siku hizi nagonga kijiko kwenye meza mara nne. Anaitikia kwa kichwa, anaendelea kufagia.

Goodness anasema Adrian anataka muurudie wimbo Agosti. Nendeni, na mchukueni mama, ameshakubali ingawa atajidai mpaka mumbembeleze. Nimemwandikia sauti yake nyuma ya karatasi hii, na safari hii baa ile nimeijaza. Baada yake nimeongeza baa nyingine, tupu. Hiyo ni yangu, usiiguse.

Do ibaki C. Mama hawezi kupanda zaidi ya hapo.

Eveline